Una kituo cha kulea watoto Marekani? Sheria inakulinda wapi unapokagua rekodi za jinai za wafanyakazi (uzi)

Karani_wa_Mafaili (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari zenu. Swali hili halikauki humu: "Majibu ya alama za vidole yamerudi mabaya, nimemkataa dada wa watu, sasa ananitishia mahakama. Nifanyeje?" Na upande wa pili: "Nimeajiri mtu, baadaye ikijulikana alikuwa na kesi, mzigo ni wangu?" Kazi yangu ya kila siku ni mafaili ya wafanyakazi wa vituo vya kulea watoto, kwa hiyo nimeona tuyaweke yote mahali pamoja. Mimi si wakili. Kila jimbo lina kanuni zake juu ya zile za shirikisho, na kama tayari una barua ya mahakama mkononi, funga uzi huu utafute wakili wa jimbo lako.

Nianzie pale watu wanapokosea zaidi. Ukiwa na kituo chenye leseni, au kinachopokea watoto wanaolipiwa na fedha za serikali, uamuzi wa nani hafai kabisa kukaa na watoto hauko mikononi mwako tena. Umechukuliwa na jimbo. Msingi wake ni sheria ya shirikisho ya ruzuku ya malezi ya watoto, CCDBG, ilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2014.

Ukaguzi wenyewe uko hivi. Alama za vidole zinapelekwa FBI. Jina linatafutwa kwenye daftari la taifa la wakosaji wa kingono. Kisha jimbo linapekua madaftari yake matatu: la jinai, la wakosaji wa kingono, na la unyanyasaji na utelekezaji wa watoto. Kama mtu aliishi jimbo jingine ndani ya miaka 5 iliyopita, madaftari matatu ya huko nayo yanaulizwa. Jimbo lina siku zisizozidi 45 za kumaliza kazi hiyo, na kila mfanyakazi anakaguliwa upya angalau mara moja katika miaka 5.

Sasa sikilizeni hapa. Majibu yanayokuja kwako ni anastahili au hastahili, basi. Sheria inalizuia jimbo kukutajia kosa. Anayeambiwa kosa ni mhusika mwenyewe, pamoja na namna ya kukata rufaa. Wewe unabaki na karatasi kavu, na binti wa watu amesimama mbele ya meza yako anauliza, "Nimefanya nini?" Huna cha kumjibu zaidi ya kumwambia asome barua aliyotumiwa yeye.

Wenye vituo wengi wanaona hiyo ni kero. Kwangu mimi hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko zote mlizonazo. Siri usiyoijua utaitangazaje? Na akisema umembagua kwa rangi au kwa asili yake, jibu lako ni kwamba sheria ya shirikisho yenyewe imemzuia asifanye kazi hiyo. Tume ya usawa katika ajira, EEOC, kwenye mwongozo wake wa Aprili 2012 kuhusu rekodi za jinai, inakubali kwamba kutii sheria au kanuni ya shirikisho ni utetezi dhidi ya dai la ubaguzi chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Juu ya hapo, yapo majimbo yaliyoandika waziwazi kwamba mwajiri aliyemkataa mtu kwa nia njema, akifuata matokeo ya ukaguzi, hadaiwi fidia. Kinga za namna hiyo kwa kawaida haziwafikii waliofanya makusudi au uzembe wa kupindukia.

Makosa yanayofunga mlango moja kwa moja: mauaji, unyanyasaji wa mtoto, makosa dhidi ya watoto ikiwemo picha za ngono za watoto, ukatili dhidi ya mwenza, ubakaji na shambulio la kingono, utekaji, kuchoma mali moto, shambulio la mwili, na kosa kubwa la dawa za kulevya lililotendwa ndani ya miaka 5. Hayo ni makosa makubwa. Yako pia makosa madogo ya ukatili dhidi ya mtoto ambayo mtu aliyatenda akiwa mtu mzima. Aliye kwenye daftari la wakosaji wa kingono hapiti. Aliyekataa kukaguliwa hapiti, na aliyedanganya kwa kujua kwenye ukaguzi naye hapiti.

Ulizeni, tuendelee.

MamaWawili

Ubarikiwe sana. Mimi kituo changu kiko nyumbani, nina msaidizi mmoja tu. Kijana wangu ametimiza miaka 18 na bado anaishi hapa. Yeye hagusi watoto, anarudi jioni wameshaondoka. Naye anapigwa alama za vidole?

Karani_wa_Mafaili

Ndiyo, dada. Kwenye kituo cha nyumbani, kila anayeishi humo mwenye miaka 18 na kuendelea anakaguliwa, awe anashika watoto au hashiki. Usisubiri mkaguzi wa leseni amkute sebuleni. Siku ya kuzaliwa ya kijana iandike kwenye kalenda ya kituo, si ya familia peke yake.

Mtoro_wa_Baridi

Mkuu, hapa tutagombana kidogo. Hii "sijui kosa lake" unaiita kinga, mimi naiita kichaka cha kujifichia. Mzazi ananikabidhi mtoto wa miezi sita. Nataka kujua nani anamshika. Karatasi imesema anastahili, sawa, lakini anastahili ni kwa makosa yale uliyoyataja tu. Mtu mwenye wizi mara tatu na kuendesha gari amelewa anapita hapo vizuri kabisa, halafu mimi nimpe ufunguo wa gari la kituo?

Karani_wa_Mafaili

Hoja nzuri, na uko sahihi kwamba karatasi ya jimbo ni kiwango cha chini. Hakuna anayekukataza kuwa na masharti zaidi, na rekodi ya udereva kwa mtu atakayewapakia watoto ni sharti la akili kabisa. Ila ujue unapovuka pale, uamuzi unarudi kuwa wako, na ile kinga ya "nilitii sheria" inabaki nyuma yako. Kuanzia hapo utaulizwa kwa nini.

EEOC inafuata vipimo vilivyotoka kwenye kesi ya Green dhidi ya kampuni ya reli ya Missouri Pacific, 1975: uzito na aina ya kosa, muda uliopita, na kazi anayoiomba. Kumnyima udereva mtu aliyetiwa hatiani mwaka juzi kwa kuendesha amelewa, hilo unalisimamia bila jasho. Lakini kumnyima mpishi wa kituo kazi kwa sababu miaka 20 iliyopita alikutwa na hundi mbovu? Utahangaika. Na ukiwakataa wengine kwa rekodi ile ile uliyoisamehe kwa binamu yako, hapo hata wakili wako atakuna kichwa.

Mzee_wa_Vifungu

Naongezea kwa ndugu yetu Mtoro. Akitaka kujua zaidi, wengi hukimbilia kampuni binafsi za kwenye mtandao zinazouza ripoti. Huko anaingia kwenye sheria nyingine kabisa, FCRA ya mwaka 1970, inayosimamia kampuni zinazouza ripoti za watu na wanaozitumia, na ndiyo inayowatoa watu jasho kuliko hiyo ya malezi. Kabla hujaagiza ripoti unampa mwombaji taarifa ya maandishi kwenye karatasi inayojitegemea, naye anakubali kwa maandishi. Ukitaka kumkataa kwa sababu ya ripoti, kwanza unampa nakala yake pamoja na muhtasari wa haki zake, unamwachia nafasi ya kusema, ndipo unatoa uamuzi. Baada ya uamuzi kuna barua nyingine yenye jina la kampuni iliyotoa ripoti. Ukikiuka kwa makusudi, fidia ya kisheria ni dola 100 hadi 1,000 kwa kila mtu hata kama hajathibitisha hasara, na juu yake adhabu na gharama za wakili.

Sasa kituko. Waajiri wengi, kwa kutaka kujikinga, walikuwa wanachomeka kwenye karatasi ile ile sentensi ya "nakubali kutoishtaki kampuni kwa lolote litakalotokana na ukaguzi huu". Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9, kesi ya Syed dhidi ya kampuni ya M-I, ikasema sentensi hiyo yenyewe ndiyo ukiukaji, tena wa makusudi, kwa sababu karatasi inatakiwa iwe na taarifa peke yake. Ukikuta fomu ya zamani uliyopewa na rafiki ina maneno hayo, ichane.

Shamsa_wa_Zamu

Kuhusu hizo kampuni binafsi naomba niseme kitu. Mimi nilikuwa mwombaji. Ripoti ilirudi na kesi ya shambulio katika jimbo ambalo sijawahi kukanyaga. Jina la kwanza langu, la ukoo langu, mwaka wa kuzaliwa sawa, mwezi tofauti. Mtu wangu wa usaili alikuwa mwungwana, akanipa nakala kama alivyosema Mzee hapo juu, nikamwonyesha mwezi. Kampuni ikaifuta na nikapata kazi.

Majina yetu tunayajua. Tukiwa watano chumbani, wawili wana jina moja, na makarani wa huku wanaliandika kila mmoja kivyake. Ripoti ya jina si sawa na alama za vidole.

Karani_wa_Mafaili

Asante sana Shamsa, hilo ni la kukolezwa wino. Na ukiangalia vizuri, ile nakala aliyokupa ilimwokoa yeye kama ilivyokuokoa wewe. Angekukataa kimya kimya, angekuwa na kesi ya FCRA na angekosa mfanyakazi.

Alama za vidole nazo zina udhaifu wake. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilisema karibu nusu ya rekodi za kukamatwa kwenye mfumo wa FBI hazikuwa na matokeo ya mwisho ya kesi. Mtu amekamatwa, kesi ikafutwa, lakini kwenye daftari amebaki "amekamatwa". Kwa hiyo mfanyakazi anaposema "hiyo ilifutwa", usimcheke. Mwambie akate rufaa jimboni, achukue karatasi ya mahakama, na nafasi yake iwekee tarehe ya kusubiri inayojulikana.

Mtoro_wa_Baridi

Lakini moshi bila moto upo kweli? Kwenye mambo ya watoto mimi kukamatwa kunanitosha.

Mzee_wa_Vifungu

Kwa heshima zote, ndugu yangu, hapana. Soma kesi ya chekechea ya McMartin kule California. Tuhuma zilianza 1983, watu wakawekwa ndani, kesi ikaendelea hadi 1990, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Mmoja wa washtakiwa, Ray Buckey, alikaa gerezani miaka akisubiri. EEOC imeandika kwamba kukamatwa peke yake hakuthibitishi kosa. Unachoruhusiwa kuangalia ni kitendo chenyewe, kama una ushahidi nacho. Na kama mtu ana mashtaka ya kudhuru mtoto yanayoendelea, kumwondoa kwenye chumba cha watoto wakati kesi inaendelea ni jambo jingine, na majimbo mengi yana kanuni zake. Muulize afisa wa leseni, umpe kwa maandishi, akujibu kwa maandishi.

MamaWawili

Mimi kinachonitisha ni kinyume. Mtu amepita kila kitu, karatasi inasema anastahili, halafu akamdhuru mtoto. Nimefuata sheria. Bado nitashtakiwa?

Karani_wa_Mafaili

Kushtakiwa unaweza, dada. Kushindwa ni habari nyingine. Dai linaitwa uzembe katika kuajiri, na swali lake ni moja: ulijua, au ungeweza kujua kwa juhudi za kawaida, kwamba mtu huyu ni hatari kwa nafasi uliyompa? Kesi inayotajwa sana ni Ponticas dhidi ya K.M.S. Investments, Mahakama Kuu ya Minnesota, 1983. Wenye majengo walimpa msimamizi ufunguo wa vyumba vyote bila kuchunguza alikotoka, akaingia kwa mpangaji na kumbaka. Mahakama ikasema kadiri nafasi inavyompa mtu uwezo wa kuwafikia wengine wasio na kinga, ndivyo mwajiri anavyotakiwa kuchunguza zaidi. Kituo cha watoto ndiyo nafasi ya juu kabisa kwenye kipimo hicho.

Kwa hiyo karatasi ya "anastahili" ni ushahidi wako wa kwanza, na ni mzito. Hauwi wa mwisho pale ambapo kuna kitu ulikiona na ukakinyamazia: mzazi alilalamika, mfanyakazi mwenzake aliandika, kamera ilionyesha. Hayo ndiyo yanayowazamisha watu mahakamani, mara nyingi kuliko rekodi ya zamani. Jimbo la Texas mwaka 2013 liliwapunguzia waajiri madai ya kuajiri mtu kwa sababu tu alikuwa na hatia ya nyuma, lakini likaweka mianya kwa makosa mazito ya ukatili na ya kingono. Usijenge kituo chako juu ya kinga ya namna hiyo.

Na kitu cha kuangalia kwa karibu ni siku za mwanzo. Kanuni inaruhusu mtu aanze kazi ukaguzi wote haujakamilika, mradi majibu ya alama za vidole, ya FBI au ya jimbo, yamesharudi salama, na mradi muda wote anasimamiwa na mtu aliyemaliza ukaguzi. Muda wote. Saa ya kulala watoto, taa zimepunguzwa, mwenzake ametoka kidogo kupokea simu, huyu mpya amebaki peke yake na vitanda vinane: hapo umeshakiuka, hata kama hakuna kilichotokea. Chumba cha kubadilishia nepi vilevile. Kwenye mafaili yangu ratiba ya zamu inaonyesha kwa kila saa nani anamsimamia nani, ikiwa na sahihi. Mkaguzi akija naitoa hiyo kabla hajaomba.

Nyota_Njema

Vipi kuhusu kupiga simu kwa mwajiri wa zamani? Mimi kila nikipiga naambiwa tarehe za kuanza na kuacha kazi tu, wanasema wakili kawakataza.

Mzee_wa_Vifungu

Wanaogopa kesi ya kashfa, ingawa majimbo mengi yana sheria inayomlinda mwajiri anayesema ukweli kwa nia njema. Kinachowapasa kuogopa zaidi ni kusifia uongo. Mahakama Kuu ya California mwaka 1997, kesi ya Randi W. dhidi ya wilaya ya shule ya Muroc: wilaya za shule zilimwandikia msimamizi mmoja barua tamu, zikijua kulikuwa na malalamiko ya kingono ya wanafunzi dhidi yake. Akaajiriwa kwingine na mtoto akadhurika. Mahakama ikasema ukichagua kuandika, usipotoshe kwa namna inayohatarisha watu.

Kwa hiyo ukipiga simu, uliza swali moja la moja kwa moja: "Ungemrudisha kazini kwenye chumba cha watoto?" Andika tarehe, jina la aliyejibu, na jibu lenyewe, hata kama jibu ni kimya.

Nyota_Njema

Nimekuelewa mzee wangu. Lingine: kuna kundi letu la WhatsApp la wenye vituo. Mtu akikataliwa kwa mmoja, jina linatupwa humo: "huyu jihadharini". Si tunasaidiana?

Karani_wa_Mafaili

Hapana, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Hilo kundi ni kesi inayosubiri siku yake. Kwanza hujui kosa, kwa hiyo unatangaza nini? Anaweza kuwa amekataliwa kwa kosa la dawa za kulevya alilolitenda miaka minne na zaidi iliyopita, ambalo likifikisha miaka 5 halitamzuia. Anaweza kuwa kwenye rufaa. Anaweza kuwa Shamsa. Pili, kinga ya nia njema inakulinda ukitumia matokeo kwa kazi yaliyotolewa: kuajiri au kutoajiri kwenye kituo chako. Ukiyapeleka kwa watu wengine umeivua mwenyewe. Na jamii yetu huku ni ndogo, jina likichafuka linafika hadi kanisani na msikitini.

Kama una shaka ya kweli kwamba mtoto amedhuriwa, njia iko wazi. Wafanyakazi wa vituo kwa sheria za majimbo wana wajibu wa kuripoti, na sheria ya shirikisho ya kuzuia unyanyasaji wa watoto, CAPTA, ya mwaka 1974, inayataka majimbo yawape kinga wanaoripoti kwa nia njema. Ripoti kwa idara ya ulinzi wa watoto, hapo umelindwa. Kwenye kundi hujalindwa.

Mtoro_wa_Baridi

Haya, nimejitoa kwenye kundi dakika hii. Swali la mwisho kutoka kwangu: mtu katoka nyumbani juzi, hana hata mwaka hapa. FBI wataona nini?

Karani_wa_Mafaili

Wataona yaliyoandikwa Marekani, ambayo kwake huenda ni karatasi tupu. Hakuna kinachokuzuia kuomba cheti cha polisi cha alikotoka, ila kiombe kwa kila mgeni wa nafasi hiyo bila kuchagua nchi. Ukiwaomba Wasomali na ukawaacha Wapolandi, umejitengenezea kesi ya ubaguzi wa asili ya taifa. Na usichanganye hilo na fomu ya I-9 ya uhalali wa kufanya kazi. Ile ina orodha yake ya nyaraka, na mfanyakazi ndiye anayechagua alete zipi.

MamaWawili

Nami la mwisho. Msaidizi wangu anaacha mwezi ujao, nimempata mwingine aliyekuwa kituo cha jirani, ana karatasi yake ya anastahili ya miaka miwili iliyopita. Nianze upya?

Karani_wa_Mafaili

Kama ukaguzi ule ulifanywa katika jimbo hili hili, ndani ya miaka 5, matokeo yalikuwa ya kustahili, na hajakaa nje ya kazi ya malezi zaidi ya siku 180 mfululizo, sheria ya shirikisho haikulazimishi kuomba upya. Lakini usiweke nakala yake ya simu kwenye faili ukafurahi. Omba uthibitisho kutoka kwa ofisi ya jimbo, kwa jina la kituo chako, kabla hajaingia chumbani. Baadhi ya majimbo yanataka pia umwunganishe kwenye mfumo wao kama mfanyakazi wako, ili likitokea jambo jipya taarifa ije kwako na si kwa jirani.